Beki tuliyemtoa anaijua siri yangu

Jamani, sijawahi kuiogopa Jumamosi kama ninavyoiogopa hii inayokuja.

Mimi ni kipa wa timu ya maveterani wa mtaa wetu wa Lemara. Mwezi uliopita tulibadilishana mabeki na maveterani wa mtaa wa Kwa Mrombo, ambao ndio tunacheza nao Jumamosi hiyo. Tukawapa Baba Neema, wakatupa kijana wa miaka arobaini na moja.

(Ndiyo, kwetu huyo ni kijana.)

Leo asubuhi tumemaliza mazoezi, tunakunywa chai, ubishi ukawaka.

"Tumelamba dume! Huyu anakimbia," akasema mwenyekiti.

"Anakimbilia wapi? Baba Neema hakuwa anasogea, na mpira ulikuwa haupiti!" akajibu fundi Elia.

Mimi ndiye niliyelipigia debe jambo hili, maana Baba Neema alizidi kunifokea uwanjani. Kwa hiyo nikalitetea kwa sauti kubwa.

Mara huyo hapo, Baba Neema mwenyewe, ndani ya jezi ya Kwa Mrombo.

"Kaka, tulifanya vizuri kukuachia?" wakamuuliza.

Akatabasamu. "Muulizeni kipa wenu."

Kisha akaniinamia sikioni: "Jumamosi kona zote napiga mimi. Za juu."

Chai ikanipalia.

Miaka sita yote, kila mpira wa juu aliuondoa yeye kwa kichwa. Na ni yeye peke yake anayejua kwa nini: mpira ukishuka, mimi hufumba macho.

Sasa nishaurini hapo chini: kuanzia Ijumaa nijifanye naumwa nini, ambacho mke wangu, nesi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, hawezi kugundua kuwa ni uongo?