Kinyonga Mgongoni mwa Baba Mdogo

Juzi sokoni Kasulu nilipita karibu na mama mmoja aliyetandaza majani ya tumbaku juu ya kiroba, na harufu ile ikanifikia. Wenzangu husema tumbaku iliyokauka vizuri inanukia, ina kautamu fulani. Mimi nikiinusa hasira hunipanda, na hasira hiyo ina jina la mtu. Anaitwa Zabroni, mdogo wake marehemu baba. Naomba msiniharakishe, maana nikianza kumsema huwa napenda kumsema taratibu.

Tulikuwa tunakaa Makere, nami nilikuwa darasa la nne. Siku moja tukipalilia maharage nilimkuta kinyonga kwenye bua la muhogo. Mama alitema mate pembeni na kuniambia nisimguse, kwa kuwa kwetu kinyonga haguswi, hata watu wazima hukatisha shambani kumkwepa. Nikamgusa. Alikuwa wa baridi, mkavu, na vidole vyake vilikibana kidole changu kwa adabu kabisa. Nikampa jina la Mkaguzi, kwa sababu jicho moja lilitazama mbele na jingine nyuma, sawasawa na yule mkaguzi aliyekuja shuleni kwetu akaona kasoro mpaka chooni.

Mama alikubali nimfuge kwa sharti moja tu, asivuke kizingiti cha jikoni. Nikamweka kwenye mbuni, mti wa kahawa uliokuwa nyuma ya jiko, nikawa namletea panzi na nzi. Kila alipoteremka shinani ili aende zake, nilimrudisha juu. Nilimjua vizuri. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alikuwa mweusi ili alivute jua, na jua likishapanda anageuka kijani, ukamkosa kabisa kati ya majani. Akimwona panzi anatulia, anaupiga ulimi, anatafuna kama mzee asiye na meno ya mbele. Nilikuwa na furaha naye, nisiwafiche.

Sasa mje kwa huyo Zabroni. Alikuwa hajaoa, akilala chumba cha uani, na alikuwa analima tumbaku, kwa hiyo alinuka tumbaku tangu kofia hadi viatu. Jumapili watu wakikusanyika kwetu kunywa pombe ya ndizi, yeye ndiye aliyechekesha. Alipogundua kwamba nina kinyonga, alipata mchezo mpya. Anamsogelea na sigara yake ya kusokota, anampulizia moshi usoni. Mkaguzi anaingia giza, anatoka madoa, anajaza tumbo upepo, anaachama na kutoa mlio wa kufoka. Watu wanapiga makofi, wanasema tazama anavyojipamba, tazama ana rangi ngapi. Kijiji kizima kiliamini kuwa kinyonga akibadilika rangi anajionyesha. Hakuna aliyefikiri vingine, na baba alicheka pamoja nao.

Baada ya Jumapili kadhaa Mkaguzi aliharibika. Panzi nilimwekea mbele ya mdomo, hamtazami. Jua la saa sita linawaka, naye mweusi tii. Alikuwa akienda na kurudi kwenye tawi lile lile bila kupumzika, macho yameingia ndani, na hata mimi nikimkaribia alijibana mwili mpaka akawa mwembamba wa kutisha. Kikohozi cha Baba mdogo kikisikika njiani, alizunguka upande wa pili wa tawi akajificha. Mama alidhani ana minyoo. Mimi nilijua ni hasira. Nilimtazama vile alivyokuwa mweusi, ameachama, anafoka, nikasema moyoni huyu ananituma, huyu anataka alipiziwe.

Ndipo zikaja habari za wakwe. Baba mdogo alikuwa amechumbia Kibondo, na wazee wa upande wa binti walipanga kuja kuona anakotoka mtu anayewataka. Usiku ule tukila, akasema wageni wakishashiba atawaonyesha kinyonga, na safari hii hatatumia moshi. Atampa ugoro mdomoni, waone rangi zote kwa mpigo.

Nilikwisha kuona kinyonga aliyepewa ugoro. Watoto wa jirani walimfanyia hivyo mmoja, akatetemeka, akabadilika rangi zote kama walivyotaka, akafa kabla hawajamaliza kucheka. Nikamwambia baba kwamba Mkaguzi atakufa. Baba akasema ni mzaha wa watu wazima, nile ninyamaze. Baba mdogo akanikonyeza.

Lile jicho lake alilonikonyeza, jamani! Ningeweza kumpeleka Mkaguzi porini usiku ule ule na mambo yakaisha. Lakini hapo Zabroni angecheka tu, akatafuta mchezo mwingine. Nilitaka alipe, na alipe mbele za watu, kama alivyomtesa mwenzake mbele za watu. Nikakesha nawaza, na nikakumbuka jambo ambalo macho yangu yalikuwa yameliona kila Jumapili. Baba mdogo hajawahi kumgusa Mkaguzi kwa mkono. Siku zote alimsogeza kwa kijiti kirefu. Kwetu tuliambiwa kinyonga akikuganda mwilini haachii mpaka radi ipige, na yeye, na ukubwa wake wote, aliamini.

Wageni walifika mchana. Mbele ya wakwe mwoaji hasemi. Wazee ndio wanaosema, yeye anakaa katikati, koti limefungwa vifungo, macho chini, hajitikisi, ili waone ametulia. Baba mdogo alitulia kweli. Mimi nilitumwa kupeleka maji ya kunawa. Nilipiga magoti kwa kila mgeni, nikawaamkia kwa Kiha, mwakeye, ingawa asubuhi ilishapita, wakanisifu kuwa nina heshima. Mkaguzi alikuwa chini ya kanga yangu. Nilipopita nyuma ya kiti cha Baba mdogo nikamweka kwenye pindo la koti, nikaondoka na beseni langu.

Kinyonga kazi yake ni kupanda. Ukimweka popote atatafuta pa juu kabisa, na pa juu pale palikuwa kichwa cha Zabroni. Akaanza safari. Mguu mmoja, anayumba, anafikiri, mguu mwingine. Shangazi wa binti alikuwa wa kwanza kumwona akichungulia begani, akanyamaza kwa heshima. Mzee aliyekuwa anasema habari za mahari alimwona pia, maneno yakampungua. Baba mdogo akadhani wanamstaajabia yeye, akanyoosha mgongo.

Kisha vidole vikamshika shingo.

Aliruka akapindua mtungi wa pombe. Akamwita mama yake kwa Kiha, akazunguka uwanja, vifungo vya koti vikiruka, akimlilia baba: "Kaka nitoe! Mvua yenyewe bado miezi!" Kweli kilikuwa kiangazi, mbinguni hakuna hata wingu. Nilisimama mlango wa jiko nikamtazama. Alikuwa wa rangi ya majivu, ameachama, anahema kwa kujaza na kutoa upepo. Nilishiba, sitawadanganya.

Mwishowe alilivua koti akalitupa, Mkaguzi akaanguka nalo kwenye majani. Nilimchukua mimi. Shangazi wa binti alicheka mpaka akapanguswa machozi, posa ikaahirishwa hadi msimu mwingine, na watoto wa Makere wakampa Zabroni jina la Bwana Radi. Nilichapwa. Kila fimbo niliipokea kwa moyo mweupe. Jioni baba akaniambia: "Huyo mdudu asilale hapa."

Nilimpeleka kijitoni nikamweka kwenye kichaka. Alibaki mweusi, ameachama, ananifokea mimi, mimi niliyemlipizia. Nikarudi nyuma hadi kwenye migomba ili nimtazame kwa mbali. Baada ya muda akafunga mdomo, akatambaa tawi moja juu, akawa kijani, nikampoteza.

Kule kunifokea kuliniuma miaka mingi, mpaka niliposomea mifugo, na mwalimu wetu akatufundisha jinsi mnyama anavyoonyesha msongo. Anayeacha kula, anayeingia giza bila baridi, anayejibana, anayefoka, huyo hana hasira na mtu. Anaogopa, anataka nafasi. Mkaguzi hakunituma popote. Alikuwa akiomba mbuni wake, au kichaka chake, bila moshi na bila mimi. Kisasi kilikuwa changu mwenyewe tangu mwanzo.

Na bado sijakitubu. Baba mdogo sasa ni mzee, ana wajukuu, na akija mjini kutibiwa hufikia kwangu. Hawezi kukaa na mgongo wazi. Akiingia tu, kabla ya salamu kuisha, huvuta kiti mpaka ukutani, anakiegemeza, ndipo anapumua. Yeye mwenyewe hajui kwa nini, husema anaumwa kiuno. Mimi naijua dalili ile, nimeisomea. Nikisikia kikohozi chake getini, huwahi sebuleni nikamwekea kiti katikati.