Kuku Sita wa Mama Neema na Miti ya Krismasi

Chekeni tu, mimi nilishacheka, ingawa siku ile nilitamani ardhi inimeze, tena ardhi ile ile niliyokuwa nikijigamba kwamba naijua kuliko wote.

Mwaka ule wa lokdauni zamu zangu za ghala kule Port Botany zilikatika, nikapata kibarua cha kuwafungia wateja miti kwenye shamba la miti ya Krismasi nje ya Sydney. Bosi, mzee mpole ila mbishi, alipiga dawa weee, na funza weupe wa udongoni wakaendelea kutafuna mizizi kama vile hawajaambiwa kitu. Nikamwambia kwetu Walungu, Kongo (nilikuwa agronomu mimi, mtaalamu wa kilimo, si mbeba miti!) dawa ni kuku. Akacheka. "Wewe funga miti tu." Hiyo "tu" ilinichoma, maana alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumwajiri moja kwa moja, na kazi ile niliitaka.

Basi Jumamosi ya kwanza ya mauzo, yeye yuko getini na wateja, mimi nikapita nyuma na kuku sita wa Mama Neema, jirani yangu wa Merrylands, aliyenionya, "Kuku zangu zote zirudi, dada, miye sitaki matata." Nikapiga jembe kando ya miche, funza wakatoka, kuku wakala, jamani walikula! Nikajiona profesa.

Funza walipoisha pale, kuku wakahamia kwenye miche michanga, wakaichakura, miche inaruka juu, mimi nawafukuza na barakoa imenipanda machoni, kumbe nawaswaga kuelekea foleni ya wateja waliosimama mbalimbali kwa adabu zao za korona. Mbwa wa mteja mmoja akabweka, kuku mmoja akarukia mti uliokwisha kulipiwa, nami nikamrukia yeye, tukaanguka wote watatu, mimi, kuku na mti, simu zinarekodi.

Bosi akaitazama mistari miwili ya miche iliyong'oka. "Kwenu kuku mnawaingiza lini?"

"Kabla ya kupanda," nikajibu. (Nilifundisha wakulima hivyo miaka tisa!)

Kuku walirudi wote sita, lakini kazi akapewa mwingine, na nililia ndani ya gari, sifichi. Nikaapa sitaingiza kuku kwenye miche tena kwa ajili ya kumkomoa mtu. Ila kwamba dawa ni kuku, hilo sikulifuta.

Mwaka uliofuata, kabla ya kupanda, bosi akapiga simu. "Wale kuku bado wapo?"

"Wapo," nikamwambia, "tunakuja. Lakini miti atafunga mwingine."