Kiti Kinachotazama Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Burudani alininusa vidole. Nilikuwa mwosha vyombo katika hoteli moja ya umma hapa Arusha, na asubuhi hiyo nilikuwa nimehamishwa kutoka jikoni kwenda ukumbi wa dansi kupiga santuri. Alishika mkono wangu, akauinua mpaka puani, akasema, "Rudi ukanawe." Nikanawa. Akanusa tena. "Bado. Mafuta ya mbuzi yakiingia kwenye mifereji hayatoki mpaka kiama." Wahudumu waliokuwa wakipanga meza walicheka sana. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Ninyi mliozaliwa na muziki ndani ya simu, niwaeleze. Mifereji ni ile mistari myembamba inayozunguka juu ya santuri, na sindano hupita humo ikiokota sauti. Vumbi likiingia, utasikia mikwaruzo. Mafuta yakiingia, vumbi linaganda. Kwa hiyo santuri tuliishika ukingoni kwa viganja, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi uliojaa. Hotelini zilikuwa za aina mbili: kubwa, nyingi zikiwa za jazz, na ndogo zenye tundu pana katikati, ambazo karibu zote zilikuwa za soul. Mkuu wa Burudani alinifundisha kwa maneno machache. "Jazz mpe mtu anayekula," alisema. "Soul mpe mtu aliyeshiba." Majina ya wanamuziki sitayataja hapa. Mkiyataka, njooni nyumbani Engutoto tugombane vizuri.

Alinifundisha pia kutumia hedifoni. Sikio la kulia linabaki wazi ili lisikie ukumbi. La kushoto unalibana na hedifoni kwa bega, unasikiliza santuri inayofuata kabla watu hawajaisikia. Ukumbi ukiwa na kelele, unaongeza sauti. "Ongeza mpaka usiwasikie," aliniambia Mkuu, na mimi niliongeza. Alikuwa mtu mwema, wala simlaumu. Yeye mwenyewe alizungumza kwa kupiga kelele hata kanisani, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Halafu ikaja ruksa. Nasema ruksa kwa sababu ndivyo tulivyoiita sisi miaka ile kila kitu kilipoanza kuruhusiwa: mitumba, maduka ya watu binafsi, bidhaa kutoka nje. Hoteli yetu ikauzwa. Mwekezaji alipofika aliweka televisheni na dishi kwenye ukumbi wa dansi, akatupunguza kazi karibu sote, na santuri zikatolewa uani zikauzwe pamoja na magodoro ya zamani. Nilisimama pale nikiwa nimevaa sare ya hoteli ambayo haikuwa yangu tena, nikizikinga na jua kwa gazeti. Aliyezinunua alikuwa mfanyabiashara wa Levolosi, mtu ambaye babu zake walitoka Tanga, na mji mzima ulimwita Alhaji. Alizitazama santuri, akanitazama mimi na gazeti langu, akasema, "Nimenunua mzigo huu wote. Nadhani na wewe umo."

Basi nikawa mrekodi kanda. Duka la Alhaji liliuza betri na redio kwa mbele, na kwa nyuma kulikuwa na chumba kidogo chenye mashine ya santuri, amplifaya na deki mbili. Mteja alikuja akasema anataka soul ya polepole ya harusi, au jazz ya kusikiliza akisahihisha madaftari, nami nilimchagulia, nikasafisha santuri kwa kitambaa chenye unyevu, nikairekodi kwenye kanda. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama mshale wa sauti usiingie kwenye rangi nyekundu, na kusikiliza. Kusikiliza kutwa nzima, hedifoni sikioni.

Jumamosi nyingine nilizunguka kutafuta santuri. Wataalamu wa miradi waliporudi kwao waliacha maboksi, na baadhi ya vitu hivyo viliishia sokoni. Pale Kwa Mrombo nilimkuta mama mmoja amefunikia beseni la dagaa kwa santuri ya jazz ambayo nilikuwa naitafuta miaka yote. Nikamwomba aniuzie. "Baba, ukiichukua nitafunikia nini?" aliuliza kwa hasira kabisa. Nilimletea sinia mpya, na alibaki akinitazama kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyechanganyikiwa. Santuri ile ilinuka dagaa mpaka mwisho wa maisha yake, lakini ililia vizuri.

Sasa nifike kwenye baraza. Kila Jumapili alasiri, Walutheri tukishatoka ibadani na Alhaji akishaswali adhuhuri, tulikutana katika chumba cha nyuma: mwalimu, fundi cherehani, dereva wa lori, mkulima mmoja wa kahawa kutoka kwetu mlimani, na wengine. Tulikunywa chai na kubishana. Tulibishana kama soul ni muziki wa kanisa uliopotea njia, au ni kanisa lenyewe lililohamia mtaani. Na tulikuwa na desturi yetu, tuliyoiita kutazama ukuta. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti kilichogeuzwa, uso ukutani. Mwingine anaweka santuri bila kusema neno. Aliyekaa kitini lazima aseme ni nani anapuliza, yuko na wapiga gani, na kama ni rekodi ya ujanani au ya uzeeni mwake. Ndipo wengine wanamvaa kwa maswali.

Mimi nilikuwa bingwa wa kiti kile. Sijisifu, mambo yalivyokwenda baadaye hayaniruhusu kujisifu. Wakikwama walisema, "Mwulizeni Baba Elia, yeye ndiye sikio letu." Neno hilo nililipenda mno. Nyumbani nilimrudia nalo Mama Elia, mke wangu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya na hakuwahi kuipenda jazz hata kidogo. "Sikio lao," alikuwa akinijibu, "hebu lisikie basi maziwa yanavyochemka."

Sijui ilianza lini. Najua tu kwamba matoazi yalianza kupungua kwenye santuri. Toazi ndiyo sauti nyembamba kabisa katika bendi, ile inayosema tsi-tsi-tsi nyuma ya wengine. Mara ya kwanza nililaumu sindano, nikabadilisha. Kisha nikalaumu kanda, kwa kuwa siku hizo soko lilijaa kanda za bei rahisi. Nilimrudishia mwuzaji boksi zima, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba kanda zake zinakula sauti. Maskini yule kijana aliapa kwa Mungu kwamba ni nzima. Nilipoona kanda nyingine nazo zinakula, nikaanza kuzungusha kitufe cha sauti nyembamba, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka nikalisikia toazi ninavyolikumbuka. Wateja wakaanza kurudi. "Mzee, shikamoo. Hii kanda mbona inachachatika kama vitumbua kwenye mafuta?" Nami niliwajibu kwamba deki zao mbovu. Moyoni nilianza kuogopa, ila hofu yenyewe niliikataa. Mrekodi asiyesikia ni nini? Niliona aibu hata kulifikiria hilo peke yangu.

Kwenye baraza niliendelea kushinda, kwa sababu santuri nilizijua kwa moyo. Sindano inapogusa santuri huwa inatoa mshindo mdogo mzito, na mshindo ule niliusikia vizuri. Hapo nilijua wimbo umeanza. Kisha nilingoja besi au ngoma kubwa, na besi ikishapita hatua chache, wimbo mzima ulijijenga kichwani mwangu, matoazi na yote. Nilikuwa nikieleza nisichokisikia, na watu walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Kisha mji wetu ukapata redio ya mtu binafsi. Meneja wa Vipindi, mwanamke kijana aliyevaa vizuri, alipita dukani akasema anatafuta mtu wa kuongoza kipindi cha jazz na soul za zamani, mtu atakayezicheza na kuzizungumzia. Baraza zima likanitaja mimi. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu kama nilivyokitaka kile. Nilikwisha kuwazia baba yangu, mzee wa kanisa aliyesema kazi yangu ni ya walevi, akinisikia redioni na majirani wake. Meneja akakubali kuja Jumapili aone tunavyozungumza.

Alikuja. "Shikamooni wazee," alisema. Tukaitikia marahaba, akapewa chai na kiti. Nikakaa kwenye kiti changu, nikageukia ukuta. Alhaji aliniuliza kama nataka kuanza na santuri zetu wenyewe. Nikasema hapana, mgeni achague. Nilitaka kujionyesha, basi. Meneja akafungua mkoba wake, nikasikia akisema amekuja na CD mpya ya jazz ya zamani, na Alhaji akaitia kwenye mashine ambayo duka lilikuwa limeinunua karibuni.

Nikangoja mshindo wa sindano. CD haina sindano. Hilo nililijua kama mnavyolijua ninyi, lakini mwili wangu ulikuwa ukingoja kile ulichozoea. Nikaweka mikono magotini. Niliona ukuta una ufa, nikaufuata kwa macho. Nikangoja tena. Kisha nikasema kwa sauti kubwa, ya mtu anayejiamini, "Jamani, wekeni basi! Mbona mnamchelewesha mgeni?"

Nikageuka. Fundi cherehani alikuwa anatazama viatu vyake. Meneja wa Vipindi alishika kikombe bila kunywa. Kwenye uso wa mashine namba za kijani zilikuwa zinahesabu, zinapanda. Wimbo ulikuwa umeanza kitambo. Baadaye niliambiwa ulifunguliwa kwa filimbi na brashi za mpiga ngoma juu ya toazi, sauti nyembamba tupu, tena tamu ajabu.

"Samahani, Baba Elia," Alhaji alisema haraka. "Mashine imegoma. Mitambo hii mipya ndivyo ilivyo."

Hapo hapo besi ikaingia, nami nikaisikia. Ikajaa chumba chote, na kila mtu akajua kwamba nimeisikia, na kwamba mashine haikugoma. Sijawahi kuona aibu namna ile, si kwa kuumbuka kwangu tu, bali kwa kumwona mtu mzima aliyehiji, mtu asiyesema uongo hata kwa mteja, amesema uongo kwa ajili yangu na uongo wake umeanguka mbele ya mgeni. Niliinuka nikatoka nje kwa mlango wa uani.

Alhaji alinifuata. Tulisimama kati ya makreti ya soda.

"Umejua tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu wateja walipoanza kurudisha kanda. Kila ukienda kula, mimi nilikuwa nakirudisha kile kitufe mahali pake."

"Na wengine?"

Alisogeza kreti moja kwa mguu. "Wote, ndugu yangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Tumekuita sikio letu mbele za watu. Nani angeanza?"

Meneja naye alitoka. Hakuzungukazunguka. Alisema amesikia habari zangu kwa watu wengi, na kipindi anataka nikiendeshe mimi. Studio ina kioo, alisema, na upande wa pili atakaa fundi mitambo. Wimbo ukianza fundi atainua mkono, ukiisha atainua tena. "Wewe mzee utazungumza tu. Hayo mengine tutakusaidia."

Nilikataa. Nilimwambia nina majukumu ya shamba. Alisema atasubiri wiki moja, na baadaye akapita tena dukani kuniuliza, nami nikajifungia chumba cha nyuma mpaka alipoondoka. Kipindi akapewa mtangazaji kijana, kisha kikageuzwa kuwa cha salamu, kisha kikafa. Vijana mnaponiuliza kwa nini Arusha hatukuwahi kuwa na kipindi kizuri cha jazz na soul, jibu mnalo sasa. Sikuweza kuvumilia mtu akiniinulia mkono nyuma ya kioo. Kutosikia kulikuwa kumenichukulia kidogo tu. Aibu ndiyo iliyochukua kazi yenyewe.

Nilibaki kwa Alhaji nikiuza betri mpaka santuri zikakosa wateja na mimi nikastaafu. Aliponiaga alinipa mashine ya santuri na maboksi yote, na hatukuzungumzia tena siku ile, wala mpaka alipofariki hatukuizungumzia. Hilo nalo linaniuma.

Siku hizi wapo vijana wanaokuja nyumbani Jumapili na santuri zao, maana naambiwa zimerudi kupendwa. Nawahubiria kuhusu hedifoni, hawanisikii, nami siwasikii wao. Mama Elia hukaa kuliani kwangu, kwenye sikio lililosalimika kidogo na hedifoni. Kumbe hata kanisani alihamia upande huo miaka mingi kabla ya siku ya CD, nami nilidhani anafuata kivuli. Santuri ikianza ananigusa goti. Toazi likiingia ananigonga begani kwa kidole, tsi-tsi-tsi, mbele ya wageni, bila kuona haya hata kidogo. Haya naona mimi. Shingo yangu inapata joto, natamani kumwambia aache. Wakati mwingine anachelewa, au anagonga mahali ambapo najua mpiga ngoma alinyamaza, kwa kuwa jazz bado haipendi na hajui inakokwenda. Simsahihishi, wala bega siliondoi.