Mpangaji Asiye na Dini

Kabla hatujahamia Mafia, mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi huko alitupa ushauri ambao hatukumwomba. Alisema wenyeji karibu wote ni Waislamu, watu wa heshima zao, kwa hiyo tusiende kuwapigia makelele ya mapambio asubuhi asubuhi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na jambo likishaitwa adabu huwa halihoji tena. Mimi huhoji kila kitu, lakini safari hiyo nilikubali. Nilijiona mstaarabu sana.

Tulipanga vyumba viwili Miburani, kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa hapo hapo. Ua ulikuwa mmoja, jiko la nje moja, bomba moja. Nilimwita Bibi, naye akaniita mwanangu tangu shikamoo ya kwanza.

Nyumbani kwetu Mbinga tulisali kwa sauti. Mama yangu alianzisha wimbo akiwa bado anafunga kanga, na ukichelewa kuitikia utaitwa kwa majina yako yote. Miburani tulifunga dirisha, tukanong'ona. Tukila uani, ishara ya msalaba niliifanya upesi upesi kwa kidole kimoja, kama mtu anayefukuza nzi. Jumapili nilivaa kanga juu ya gauni la kanisani, nikachukua kikapu, nikapita njia ya nyuma kwenda kwenye kanisa letu dogo Kilindoni. Nikirudi nilipitia sokoni kununua mchicha. Nyimbo za kwaya nilizisikiliza kwenye simu, spika masikioni, huku nafagia.

Kidogo kidogo sala zenyewe zikapungua. Ukizoea kunong'ona, mwisho unabaki kuwaza tu, na ukibaki kuwaza tu, unajikuta unawaza kwamba mkaa umekwisha. Mume wangu alikuwa anasinzia kabla ya amina, na mimi simwamshi. Sikushtuka, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Mwaka huo binti ya Bibi alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipoanza kula uji, mama yake alirudi kwenye biashara yake ya chapati Kilindoni, na kutwa nzima mtoto akawa wa Bibi. Mimi sikuwa na mtoto bado. Yule nilimtamani kwa mikono yote miwili.

Bibi aliniamini kwa kila kitu. Akienda msibani aliniachia funguo. Nazi yake nilikuna mimi. Mwezi wa Ramadhani sahani yetu ya futari ilifika mlangoni kabla yeye mwenyewe hajaketi. Lakini mtoto, hapana. Adhana ya adhuhuri ikilia, alimlaza mkekani pembeni yake, akasali huku mtoto anamvuta nguo, anatambaa kuelekea kwenye majivu ya jiko. Nami nipo pale pale, sina kazi, mikono mitupu.

"Nipe nikushikie, Bibi," nilimwambia siku moja.

"Mwache tu, mwanangu."

Nikajua ni kwa sababu ya Ukristo wangu. Hakuna aliyeniambia, nilijijazia mwenyewe. Nikanuna. Nikamwambia mume wangu tutafute nyumba nyingine, kwamba watu hawa wanakupa chakula lakini moyoni wanakuona najisi. Akasema nisiwe na haraka. Mtu akiniambia nisiwe na haraka, hapo ndipo ninapoanza kukimbia. Kesho yake nilimfuata Bibi akiwa anachambua mchele, mtoto amemfunga mgongoni.

"Bibi, nina kosa gani? Mtoto hunipi kwa kuwa mimi ni Mkristo?"

Akaweka ungo chini.

"Mkristo? Nani, wewe?"

"Mimi, ndiyo."

"Haya makubwa! Wakristo mie nawajua. Nilikaa nao nyumba moja Temeke. Wakila wanaomba, wakilala wanaomba, na Jumapili ngoma mpaka kichwa chaniuma. Wewe mwaka mzima sijakusikia kumtaja Mungu. Jumapili waenda sokoni. Asubuhi wafagia, watikisa kichwa na waya masikioni. Nikasema, mtoto wa watu huyu ni mwema, mkono wake mwepesi, ila hana dini. Sasa mtu asiyesali nimwachie mtoto?"

"Mbona futari unatupa?"

"Futari ni ujirani. Mtoto ni amana."

Jioni nilipomsimulia mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Halafu akaenda kufungua dirisha.

Asubuhi iliyofuata niliacha simu ndani, nikashika ufagio na kuanza wimbo wa mama yangu. Ubeti wa kwanza ulitoka na mikwaruzo. Wa pili haukuja. Nilisimama katikati ya ua, nikaujaribu tena na tena, na haukuja. Wimbo niliouimba tangu sijaota meno! Nililia. Kisha nikampigia mama simu aniimbie. Aliniimbia wote, akauliza, "Umesahau huu? Kwani huko hamsali?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Tukaanza upya. Tulisali kwa sauti, dirisha wazi, na siku za mwanzo niliona haya kama mgeni anayejifunza lugha. Jumapili nilipita mlango wa mbele na gauni langu, bila kikapu. Bibi alilalamika siku moja tu, kwamba mume wangu hajui kuimba, na hapo hakukosea.

Kisha ikaja siku moja ya kazi, jua kali, nina rundo la nguo za kufua. Adhana ya adhuhuri ikalia. Bibi akatoka kuchukua udhu, akarudi uso na mikono vikichuruzika maji, akamnyanyua mtoto, akaja naye, mtoto anacheka, mpaka kwenye beseni langu. Akamnyoosha kwangu. Nikafuta povu haraka, nikanyoosha mikono.

"Umesali leo?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini asubuhi ile nilichelewa kuamka, nikakimbilia nguo.

"Bado, Bibi."

Akamrudisha mtoto kiunoni.

"Basi sali. Nakungoja."

"Bibi, adhana imeshalia, utachelewa."

"Nimesema nakungoja."

Akasimama pale juani, miguu imelowa, mtoto anamchezea ushungi. Nikainuka na povu lililobaki, nikafanya ishara ya msalaba, kubwa, ya mkono mzima, nikasali Baba Yetu kwa sauti mpaka mwisho. Niliposema amina, akanipa mtoto, akaenda zake kusali.