Tarishi Mwangalifu wa Pikipiki

Ndugu zangu, msinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa tarishi kwenye shamba la mkonge nje ya Pangani. Siku moja meneja akaniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nikajibu, "Najua, bwana," kwa kuogopa kazi asipewe mwingine. Wallahi, hata baiskeli ilinishinda.

Basi nikapewa pikipiki ya kupelekea barua, na kila asubuhi nikawa naikokota kwa miguu, maili tatu hadi posta na maili tatu kurudi. Waliponiuliza, nilidai si salama kuiwasha karibu na nyumba za watu. Likija lori la mkonge naisimamisha kando, najifanya natengeneza kitu. Usiku silali kwa hofu.

Kumbe shambani nasifiwa! "Huyu hakimbizi chombo," alisema karani mkuu, Mzee Salehe. "Wote wangekuwa hivi, barabarani asingeumia mtu."

Wiki ya pili wakaajiriwa matarishi wapya wawili. Mzee Salehe akaniita mbele yao, na meneja amesimama pale pale.

"Mwanangu, wafundishe wenzio uendeshaji salama. Anza kwa kuiwasha."

Nikapanda. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Honi ikalia. Nikaibonyeza tena, labda itaondoka.

Mzee Salehe akasogea, akafungua tangi, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "petroli niliyokutilia juma lililopita, mbona ingali imejaa mpaka mdomoni?"