Mahindi Yaliyotoka Juani

Mimi ni mtu wa haraka, sifichi. Siku niliyompelekea mama mashine ya kupima unyevu wa mahindi, nilitoka kwangu Kibomet, Kitale, asubuhi na mapema. Saa sita nilikuwa nimeshafika kwa mama, Tongaren, nimesimama kando ya turubai la mahindi, nataka kazi iishe.

Mama ana njia yake. Huchota mahindi kwa ungo, huyaweka kivulini, hunywa chai yake polepole, ndipo huuma punje moja. Ikivunjika kwa mlio, yamekauka. Chai hiyo ilinikera tangu utotoni. Nilidhani ni kisingizio cha kupumzika.

Siku hiyo aliuma, akatikisa kichwa. "Bado."

Mimi nami nilikuwa nimeijaza mashine punje zilizotoka juani moto moto. "Mama, unyevu ni asilimia kumi na tatu! Hiyo ni kavu kabisa. Si unaona mwenyewe?"

"Ati kumi na tatu?" Akagusa shavu, upande alikong'olewa magego mawili. "Basi labda ni haya meno yangu. Wewe ndiwe umesoma."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kumshinda mama yangu. Tukafunga mavuno yote, chakula chake cha mwaka mzima, kwenye magunia yasiyopitisha hewa.

Baada ya miezi miwili akanipigia simu: "Njoo unuse."

Weh! Gunia la kwanza lilipofunguliwa nilirudi nyuma. Punje zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, na magunia mengine yote yalikuwa hivyo hivyo. Hata kuku hatukuthubutu kuwapa. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukafukia, mama akishika jembe mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Tulipomaliza, nilitoa kijikaratasi cha maelezo kilichokuja na mashine nikakisoma kwa mara ya kwanza. Kilisema mahindi yakitoka juani yaachwe yapoe kwanza, maana nje hukauka upesi huku ndani kukiwa bado na maji. Nikarudia kusoma. Chai tu ndiyo haikuandikwa.

Nilimwuliza mama alijuaje.

"Sijui bana. Nyanya yako alikuwa anangoja, nami nikangoja."

Mpaka leo nawaza: nani alingoja wa kwanza, na alifukia mavuno mangapi kabla ya kujua? Na yule mtu mwerevu aliyeunda mashine, si naye alijua? Aliandika kabisa. Ni mimi niliyekuwa kati yao wawili, sikumsikiliza yeyote.

Nikamsomea mama kile kijikaratasi, polepole, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa shavu lake.

"Kumbe meno yangu yalikuwa sawa," akasema.

Tulipokuwa tunafukia mahindi hakulia. Alilia hapo.