Hasara ya Bilioni Tatu

Saa nne kasoro robo asubuhi Baunsa alikuwa kwenye kibanda cha mizani, ripoti ya mwaka ya mgodi magotini, jasho likimchuruzika kama yuko chini shimoni. Saa nne kamili alitakiwa kwa meneja wa fedha kutia sahihi kwa niaba ya wachimbaji mia nne: nyongeza ya mshahara isimame hadi kampuni ipate faida halisi. Jana yake yeye mwenyewe ndiye aliyewashawishi wenzake wakubali. Kampuni imekula hasara ya bilioni tatu, aliwaambia, sasa tutakamua nini?

Aliisoma hasara hiyo kwa mazoea ya mgodini. Karatasi ya zamu ina mistari kumi na miwili, lakini mchimbaji huangalia ule wa mwisho tu, wa tani zilizotoka. Miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kutoboa miamba, Baunsa hakuwahi kuanza karatasi juu. Ripoti nayo akaifanyia vivyo hivyo.

Karani wa mizani, dada mwembamba anayepima kila lori, ndiye aliyemtia kiwewe asubuhi hii. Malori yameongezeka, alimwambia, na bei ya dhahabu imepanda. Hiyo hasara imeingilia mlango gani?

Wakaanza juu, kidole kikifuata mistari. Mauzo, bilioni tisini. Kuchimba, kusaga mawe, mafuta na mishahara, sitini na nane. Uchakavu wa mitambo, nane. Zikabaki kumi na nne.

"Hiyo ndiyo faida ya uendeshaji, kaka," karani akasema. "Ndiyo inayotokana na kazi yenu hasa, kabla ya riba za mikopo. Mwaka jana ilikuwa tisa."

Baunsa akateremsha kidole. Chini yake: riba ya mkopo, kumi na saba, kwa kampuni mama. Kumi na nne ukitoa kumi na saba, ndiyo ile hasara ya tatu.

"Mama gani huyu anamkamua mwanawe hivi?"

"Ndiye mwenye mgodi. Anakopesha kwa mkono huu, anavuna riba kwa huu. Mkisubiri faida halisi, ile ya mstari wa mwisho, mtaisubiri hadi meno yang'oke."

Ofisini kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Baunsa hakuigusa. Aliomba kwenye makubaliano paandikwe faida ya uendeshaji badala ya faida halisi. Tabasamu la meneja likakauka. Akataka kujua nani kamfundisha. Baunsa akatupa jicho dirishani: kibanda cha mizani kilionekana vizuri, na karani ndani yake.

"Nimesoma mwenyewe, bosi."

Meneja akamkumbusha kuwa wenzake walishakubali. Asipotia sahihi, zamu ya mchana itaitwa moja kwa moja, ionekane watamsikiliza nani.

Baunsa alitoka mbio hadi kwenye lango la shimo. Zamu ilikuwa inavaa kofia. Akawaambia kwamba jana aliwapotosha, akawapitisha kwenye hesabu tarakimu kwa tarakimu.

"Jana hasara, leo faida," fundi wa winchi, mashine ya kuwashusha shimoni, akamcheka. "Kesho utatuambia tunadaiwa sisi?"

Wengine wakacheka, kisha mmoja akaiomba ripoti. Ikapita mkono hadi mkono. Ilipomrudia ilikuwa na alama za vidole vyeusi kwenye ile kumi na nne. Mikono ikanyooshwa: hakuna kutia sahihi. Halafu ikanyooshwa tena, kwa ombi la fundi wa winchi: kuanzia leo Baunsa asiingie ofisini kwa meneja peke yake, aende na wawili wa kusoma naye kila mstari.

Baunsa naye akanyoosha mkono wake.